Picha Iliyokuwa Mbele ya Kitanda cha Uzazi

Shangazi yangu ni mkunga, na hajui kutulia. Hata chai huinywa akiwa wima. Wauguzi wenzake humwita Pangaboi, ile feni ya darini, maana mchana kutwa anazunguka tu.

Wiki ile alizunguka zaidi. Jumanne, binti mmoja mwenye mimba ya kwanza alilala kimya saa nne nzima. Shangazi akadhani uchungu haujakolea, akaenda kwa mwingine. Aliporudi, mtoto alikuwa ameshatoka, yuko kwenye shuka, wa baridi, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Alimpulizia hewa mpaka akalia. Kisha akamuuliza binti kwa nini hakuita.

Binti akanyoosha kidole ukutani. "Yule pale hakupiga kelele. Niliona haya."

Ukutani ilikuwapo picha iliyotolewa zawadi na mtawa mmoja: nakala ya mchoro wa Kitaliano wa miaka mia tano iliyopita, ukionyesha kuzaliwa kwa Yesu. Shangazi alitaka kuiondoa, lakini mtawa angekuja Ijumaa, naye hakutaka kuonekana anaidharau. Akaniita mimi, niliyetoka kuhitimu masomo ya sanaa, nimsomee picha inasema nini.

Nikamweleza kwa bidii zote. Mtoto yuko uchi juu ya ardhi kuonyesha unyenyekevu. Mwanga unatoka kwake. Mama amepiga magoti kwa sababu watu wengi wa wakati ule waliamini kwamba alijifungua bila uchungu.

Shangazi hakusimama mahali pamoja. Alikwenda mlangoni, akarudi, akalalamika kwamba mtoto hajafunikwa na kwamba nguo ya mama haina hata doa. Alipomwona Yosefu anasinzia pembeni, alisema mume huyo anamfahamu, huja pale kila siku.

"Huyu mchoraji alikuwepo?"

"Hapana, shangazi. Alichora baada ya miaka elfu moja na mia tano."

"Basi amewashinda akina baba wote kwa kuchelewa."

Nikamwonyesha kona ya chini, ambako wachoraji wengi waliwaweka wakunga wawili. Mmoja amekunja mikono ya nguo, anapima joto la maji ya kumwogesha mtoto. Shangazi aliinama, akamtazama mwanamke yule kwa muda.

"Huyu ndiye wa kuulizwa," alisema. "Yule aliyepiga magoti ameshamaliza kazi."

Ijumaa alimwambia mtawa maneno hayohayo, pamoja na habari ya binti wa Jumanne. Mtawa akashika upande mmoja wa fremu. Wakaihamishia chumba cha pili, cha waliokwisha kujifungua. Tangu hapo kila mzazi anayeingia chumba cha kujifungulia huambiwa na Shangazi: "Hapa ukiumwa, piga kelele nikusikie."

Mchana uleule, mmoja wao alinyamaza ghafla. Shangazi alitoka mbio, nami nyuma yake. Mama wa watu alikuwa amepitiwa na usingizi kati ya uchungu na uchungu.

Shangazi akamwamsha hivyohivyo.