Panya wa Kumi

Tulikuwa wanne ghalani: mimi mlinzi, mpishi Wafula, nyapara Barasa, na bwana mwenye shamba letu la Kitale. Kila Jumamosi nilipaswa kuonyesha mikia kumi ya panya, la sivyo nifukuzwe, na wadogo zangu kule Naitiri hawana mzazi mwingine ila mimi. Nilikuwa na tisa. Asubuhi hiyo nikaona panya kwenye matete ya bwawa, nikampiga panga. Mkia ukabaki, mwenyewe akaelea zake.

"Huyu wa kumi alikuwa mnono," nikajigamba.

Bwana akaupinda mkia. Ulikuwa wa ngozi ya kiatu. Akatoa mfukoni panya aliyechongwa kwa mti, mwenye ndoano, chambo chake cha kuvulia samaki wa besi, amepasuliwa mgongo na hana mkia.

"Ati mnono!" Wafula akacheka. "Bana, si umeua kuni!"

Sikufukuzwa, ila niliambiwa nilipe kwa kuchonga mwingine. Nimeshachonga watatu, na wote wanazama.