Moshi Ulitokea Anapowekaga Jiko Shangazi

Jamani, leo yamenikuta gereji.

Pikapu yangu inanuka petroli tangu mvua zianze. Taa ya injini ilipowaka niliiziba na plasta. Msinicheke, na nyie mnafanya.

Leo nikaipeleka kwa fundi hapa Lumemo. Akasema tanki ni zima, kinachovuja ni mvuke wa petroli. Akaingiza moshi wa mashine kwenye mipira ya tanki, tukachuchumaa kuangalia utatokea wapi.

Mimi nilishajua ni mfuniko wa tanki.

Wapi! Moshi ukapanda taratibu nyuma, kwenye tundu la kutu kona ya bodi. Chini yake mpira umepasuka.

Fundi akaniuliza, "Hapa unabebaga nini?"

Nikachungulia lile tundu. Kila alfajiri nampeleka shangazi sokoni, anapanda nyuma na majirani, ni mama ntilie. Jiko analiwashia nyumbani ili akifika apike tu. Makaa mekundu, na analiweka kona hiyohiyo.

Mpira umebadilishwa. Nikampigia shangazi.

"Ahaa," akasema, "ndiyo maana juzi moto uliruka njiani. Nikafunika na sufuria, sikutaka kukusumbua unaendesha."

Nyie mnaopandaga naye nyuma, mliuona mkanyamaza?