Kaka Anataka Nifute Video ya Msiba, Nimekataa

Admin, nifichie jina, ila maneno yangu yaache yalivyo. Wanaonifahamu wakinitambua, potelea mbali.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na mbili, sijaolewa, naishi Mwanza. Nafanya kazi na kaka yangu wa tumbo moja. Ana studio inayopiga video za harusi, misiba na mikutano, na kuzirusha mubashara kwa ndugu walio mbali. Yeye na vijana wake wanashika kamera, mimi natunza kazi zote. Watu hawajui shughuli moja ya kamera tatu inavyomeza diski. Mimi ndiye ninayehamisha faili kutoka kwenye kamera, nazipa majina, naangalia kipi kibaki na kipi kifutwe tupate nafasi. Na kila shughuli natoa nakala ya pili naiweka nyumbani kwangu, maana studio ikiungua au ikiibiwa, harusi ya mtu hairudiwi. Kaka alikuwa ananicheka eti nimegeuza chumba changu ghala la sherehe za wenzangu.

Mwaka huu tulirusha msiba mmoja kule Nyakato. Marehemu alikuwa fundi mitambo kiwandani, ameacha watoto na mke, nitamwita Mama Neema. Mdogo wake marehemu, ambaye ni mfanyabiashara na mteja wetu mkubwa, ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Alishika kipaza sauti mbele ya jeneza akasema, "Nyumba hii kaka alijenga na mke wake. Mimi ni shahidi, nilibeba matofali. Shemeji, hakuna wa kukutoa hapa." Watu walilia. Hata mimi nyuma ya kompyuta nilijikuta nafuta machozi.

Video ilipokamilika, maneno yale hayakuwemo. Nikamuuliza kaka.

"Mteja kasema yaondolewe," akanijibu. "Halafu futa na zile faili za mwanzo zote. Tuna harusi Jumamosi, hatuna nafasi."

"Nafasi ipo. Unataka nifute nini hasa?"

Alichukua diski akaifuta mwenyewe, na ile ya mubashara akaitoa mtandaoni. Kisha akaniambia nilete nakala ya nyumbani. Nikamwambia siileti.

Baada ya arobaini Mama Neema akaja studio na binti yake. Shemeji yake alikuwa amemwambia afungashe, eti nyumba ni yake, marehemu alihifadhiwa tu. Yule mama alikuwa anaomba kile kipande cha hotuba. Kaka akamtazama usoni akamwambia, "Pole sana mama, diski yetu iliharibika." Mama Neema akaitikia kwa kichwa, akajifunga kanga vizuri, akamshika binti yake mkono waondoke.

Nikasema pale pale, kaka akiwa amesimama: "Mama Neema, video ipo. Iko kwangu, nzima." Jioni ile ile nikampelekea.

Yule mteja akaondoa kazi zake zote kwetu. Kaka akaniambia nimeiuza familia. Akampigia mama simu, mama akapanda kivuko cha Kamanga kuja kutupatanisha. Nilimwamkia, hata maji hakunywa.

"Mwanangu, kaka yako ndiye aliyekusomesha. Mwombe msamaha, uifute hiyo video yaishe."

"Mama," nikamwambia, "baba alipofariki, ndugu zake walitutoa kwenye nyumba. Kaka ndiye aliyebeba godoro. Kuna hata mtu mmoja aliyesimama akasema ukweli?"

Kaka akainuka akatoka nje. Mama akasema taratibu, "Hakuna. Lakini nimebaki na nyie wawili tu." Hilo ndilo lililoniumiza kuliko matusi yote.

Sasa Mama Neema amefungua shauri. Shemeji yake anadai video imetengenezwa kwa akili mnemba, hajawahi kusema maneno yale. Kwa hiyo natakiwa mahakamani na faili zenyewe za kamera, nieleze zilivyorekodiwa na nilivyozitunza. Kaka ameniambia nikienda, nisimwite kaka tena.

Nitakwenda. Mnaojiandaa kuniandikia nikaombe msamaha, msijisumbue. Kaka nampenda, na fadhila zake sijazisahau, ila hakunisomesha ili nisaidie kumtoa mjane kwenye nyumba yake. Kama studio haiwezi kusimama bila uongo huu, basi ianguke.

Shida yangu ni mama. Yuko kwangu mpaka leo, anapika, anaosha vyombo, haligusi hilo jambo, anasema tu haondoki mpaka tupatane. Siku ya shauri nitamkuta sebuleni. Moyo wangu unataka nimwambie avae twende wote, akakae benchi moja na Mama Neema. Lakini atakuwa amekaa upande unaompinga mwanawe wa kiume, mbele za watu. Nyie mlio na mama, nishaurini: nimwombe twende, au nimpite kimya kimya?