Blanketi la Farasi

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu niliugua mafua kila Jumamosi. Siyo Jumatano, siyo Ijumaa. Jumamosi, saa kumi jioni, mume wangu akishatua begi na kunikumbatia. Pua zinaanza kutiririka, macho yanawasha mpaka natamani kuyatoa niyasuuze, na ikifika saa ya kula kifua kinapiga mluzi kama birika. Jumapili jioni anarudi kazini. Jumanne mimi mzima, nakanyaga cherehani na kuimba. Ijumaa nasuka nywele nimsubiri. Jumamosi, chafya.

Mume wangu ni mtunza farasi. Nikisema hivyo watu hucheka kwanza, maana Iringa mtu akifuga, anafuga ng'ombe, nguruwe au kuku. Lakini upande wa Kilolo lipo shamba ambalo wageni huja kupanda farasi, na yeye amekaa na wanyama hao tangu ujana wake. Anawasugua kwa brashi, anawafungia matandiko, anawachokoa matope kwenye kwato. Anajua nani kati yao ana wivu na nani anaogopa mvua. Mimi hajawahi kukumbuka kama chai yangu ina sukari au haina. Wiki nzima alikuwa analala hukohuko shambani, na mimi nilikaa Mlandege kwenye vyumba viwili vya kupanga, nikishona sare za shule na magauni ya kwaya.

Kila niliyemweleza mafua yangu alinijibu neno moja: baridi. "Iringa baridi, mama. Wewe bado hujazoea." Sijazoea! Nimezaliwa na kukulia Iyunga, Mbeya, ambako mwezi wa saba tunakwenda kanisani na masweta mawili, la juu na la chini. Mtu wa Iringa kumfundisha mtu wa Mbeya habari za baridi ni sawa na kumfundisha Mnyakyusa kumenya ndizi. Nilibishana mpaka nikachoka, halafu nikaanza kunywa tangawizi kama wengine wote wanaotaka kuachwa kwa amani.

Zahanati nilikwenda mara nne. Nikapimwa malaria, nikapimwa taifodi, nikapimwa mkojo. Nikaulizwa kama nina mimba. Nikaulizwa kama nafuga paka au mbwa, nikasema sifugi hata kuku, na nilisema kweli. Nikaulizwa kazi yangu, nikasema fundi cherehani, na hapo daktari akafurahi kama mtu aliyeokota hela: ni vumbi la vitambaa, vaa barakoa. Nikajishonea barakoa tatu. Kazi ya mume wangu hakuna aliyeiuliza, na mimi sikuisema. Ningeisema kwa nini? Mgonjwa nilikuwa mimi.

Mwezi wa tano mwenye shamba akawagawia wafanyakazi wake mablanketi ya zamani ya farasi. Ndiyo, farasi huvikwa blanketi baridi ikizidi, hata mimi nilishangaa. Mume wangu akaja na mawili, amevimba kwa fahari. Yalikuwa ya sufu ya kijani, mazito, yenye mikanda ya kufungia tumboni. Moja akaniambia ni letu. La pili akalikunja vizuri akaliweka juu ya kabati: "Hili la mama."

Lazima nieleze. Katika mahari yangu kulikuwa na blanketi la mama mzazi, kama ilivyo kawaida kwetu, na mume wangu siku ile alileta blanketi jepesi, ndilo aliloliweza. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na tangu siku hiyo akawa analiita blanketi la kuonea mwezi, kwa wepesi wake. Mume wangu alilisikia neno hilo na halikumtoka. Kwa hiyo blanketi la juu ya kabati halikuwa blanketi tu.

La kwetu nililitengeneza mwenyewe. Nilikata mikanda, nikalikung'uta, nikalizungushia utepe wa njano, nikipiga chafya mwanzo mpaka mwisho na barakoa yangu usoni. Nikalianika juani siku nzima. Sikulifua, kwa sababu blanketi la sufu ukilifua Iringa mwezi wa tano, linakauka mwezi wa nane. Halafu nikalitandika kitandani.

Kuanzia hapo ugonjwa ukaacha kufuata kalenda. Nikawa naumwa wiki nzima. Na dawa ya mtu anayekohoa kwenye nchi ya baridi inajulikana na kila mtu: mfunike. Nikikohoa, najifunika. Nikizidi kukohoa, najifunika gubigubi. Mama mwenye nyumba akija kunisalimia, "Kamwene, unaendeleaje?" anavuta blanketi mpaka kwenye pua yangu na kulichomeka pembeni kwa huruma. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Huyohuyo mama mwenye nyumba ndiye aliyesema maneno mabaya, tena mume wangu akiwa anasikia. "Mwanamke mwili wake ukimkataa mume, hakuna dawa. Mimi nimeona." Mume wangu aliingia ndani. Jioni ile alikaa mbali nami kwenye kochi, nikajisikia nafuu kidogo, na nafuu hiyo ilinitia uchungu kuliko kikohozi. Akaniuliza kwa sauti ndogo: "Hivi unanichukia?" Nilitaka kumwambia nampenda. Nilimpenda mno mtu yule. Nikafungua mdomo, nikampigia chafya usoni.

Mama alikuja kunichukua. Siku ya nne Iyunga nilikuwa nimepona. Nilikula, nililala, nilipanda kilima kwenda kuchimba viazi na kifua hakikusema kitu. Mama akanitazama nikila, akaweka sufuria chini. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Umeona mwenyewe. Ukirudi kwake ukaumwa tena, namwita mshenga, vya watu virudi." Mama si mtu wa kutisha bure. Akisema mahari irudi, ameshaanza kuhesabu mbuzi.

Mume wangu akaja Jumamosi. Alitoka bandani, akapita Mlandege mara moja tu, akaenda stendi na koti lake la kazi mwilini na lile blanketi la juu ya kabati kwapani. Alipiga magoti mbele ya mama, akamkabidhi. "Mama, lile la kwanza lilikuwa la umaskini. Naomba upokee hili." Nilikuwa nimekaa karibu yake. Nikapiga chafya sita. Mama alipokea blanketi huku akinitazama mimi, na macho yake yalisema umeona. Jumapili asubuhi mume wangu akaondoka bila kunigusa hata mkono. Aliamini tayari. Kila mtu aliamini, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuamini.

Lakini blanketi lilikuwa zito, na mama anapenda kitu kizito. Akalipima kwa mkono, akaguna. Na kwa kuwa mgonjwa nilikuwa mimi, akanifunika mimi.

Jumatatu nikaamka macho yamevimba. Jumanne vipele mpaka shingoni. Jumatano asubuhi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, navuta hewa na hewa haiji, na kila pumzi inatoka na mluzi. Mama akapiga kelele za kumlaani mkwe wake aliyekuwa Kilolo siku ya tatu. "Amekuachia nini huyu!" Akamsimamisha jirani mwenye bajaji, tukaenda hospitali.

Waliniwekea dawa ya mvuke kwa barakoa ya plastiki mpaka kifua kikafunguka. Daktari alikuwa binti mdogo tu, mwenye sauti ya taratibu na kalamu aliyoitafuna. Alitaka kujua siku. Siyo dalili, siku. Lini nilikuwa mzima, lini nilianza kuumwa. Mama ndiye aliyejibu.

"Ijumaa alikuwa mzima. Jumamosi akaanza."

"Jumamosi nyumbani kwenu kuliingia nini?"

"Mkwe," mama akasema, kama anayetaja nyoka.

"Yupo bado?"

"Aliondoka Jumapili."

"Na huyu amezidiwa leo, Jumatano." Daktari akageuza kalamu. "Sasa mama, mkwe alipoondoka, kilibaki nini?"

Mama akanigeukia.

"Blanketi," akasema.

"La sufu?"

"La farasi."

Daktari akaweka kalamu mezani.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu mwenye koti jeupe aliniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nilipomjibu alicheka, halafu akaomba radhi. Akatueleza kwamba tatizo si baridi wala si mapenzi. Farasi ana mba kama binadamu, unga mdogo wa ngozi na mate yake unaokauka kwenye manyoya, na huo unashika kwenye nguo, kwenye nywele, na kwenye blanketi ndiyo usiseme. Mwili wangu unauona kama adui. Huo ndio mzio, au aleji kama tunavyosema wengi, na mtu anaweza kuupata bila kumgusa farasi hata siku moja. Mumeo, akasema, anakuletea banda zima kila Jumamosi.

Nilishindwa kujizuia. Nililia kwa furaha, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kufurahi hivyo huku akipumua kwa mashine. Haikuwa yeye! Ilikuwa koti lake! Mwili wangu haukuwa umekataa mume, ulikataa mnyama nisiyemjua hata kwa sura.

Nikapewa vidonge vya aleji na pampu ya kuvuta mdomoni, ambayo mpaka leo inakaa kwenye mfuko wa aproni yangu pamoja na mkasi. Nikaambiwa kifua kikibana na pampu isiponisaidia, nisisubiri mtu wa kunifunika, nikimbie hospitali. Blanketi litoke ndani. Shuka zote zifuliwe kwa maji ya moto. Na mume asiingie na nguo za bandani.

Blanketi kutoka, sasa. Nilimwambia mama tulirudishe Iringa. Alinigeukia kwa hasira. "Blanketi la mkwe halirudishwi! Likirudi, ndoa imerudi." Yuleyule mama aliyekuwa anahesabu mbuzi Jumapili! Nikamwambia basi nichome. Akasema kuchoma ndiyo vibaya zaidi. Mwishowe akampelekea nguruwe aliyekuwa amezaa, akamtandikia kwenye kibanda cha nyuma, mbali na nyumba. "Mkwe akiuliza, mwambie nimelihifadhi mahali pa heshima." Yule nguruwe alilala pazuri, juu ya sufu, kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu.

Nikarudi Mlandege nikidhani yameisha. Mume wangu alipiga makofi kwa furaha aliposikia, la kwetu akalirudisha shambani mwenyewe, akaapa hataingia tena na nguo za bandani. Jumamosi ya kwanza akaja na shati safi. Chafya. Kumbe shati safi, suruali ya bandani. Jumamosi ya pili akaja na shati safi na suruali safi, nikaumwa tena: alikuwa na kofia ileile na viatu vilevile. "Kofia nayo?" aliniuliza, kweli anashangaa, kana kwamba farasi wanaheshimu kofia. Ya tatu, kila kitu kisafi, amekoga hukohuko shambani, nguo za kazi ameziacha huko. Macho yakaniwasha usiku kucha. Asubuhi nikapekua mifuko yake yote, na kwenye kitita cha funguo nikakuta kimsuko kizuri cheusi. Nywele za mkia. Za yule anayeogopa mvua.

"Ni kumbukumbu tu," akasema.

Nilirusha zile funguo uani. Nilimwambia achague, kimsuko au mapafu yangu, na nikalia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Akazifuata, akakitoa, akakirudisha shambani kwa bahasha. Jumamosi ya nne nikapiga chafya mbili tu, lakini nilizipiga. Tukakaa tunatazamana. Nguo, safi. Viatu, vipya. Begi nimelifua mwenyewe. Nikanyoosha mkono nikagusa nywele zake, zile nywele nene alizokuwa akizichana kila asubuhi mbele ya kioo, na macho yakaanza kuwasha. Nikaurudisha mkono mapajani. Nilikuwa nimeshamdai mengi, na nywele zile alikuwa anazipenda.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa katikati ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Nikasikia sauti nyingi nje. Nikafungua mlango, nikamkuta mume wangu amesimama na kipara kinachong'aa, na nyuma yake mama mwenye nyumba na wanawake wawili wameshajifunga kanga kiunoni. Kwetu mtu mzima hanyoi kichwa chote wakati wa baridi kama hakuna maiti. Alikuwa amepewa pole tangu stendi.

"Nani ametutoka?" mama mwenye nyumba ananiuliza, machozi tayari.

"Hakuna msiba, mama," mume wangu akasema kwa mara ya ishirini, amechoka. "Ni nywele."

"Nywele zimefanya nini?"

"Zilikuwa zinamwumiza mke wangu."

Nilimvuta ndani, nikafunga mlango. Nikamkalisha kwenye kigoda cha cherehani, nikaweka pua katikati ya kile kipara na kuvuta hewa yote niliyoweza. Alinuka sabuni ya kufulia. Nikasubiri. Yeye pia alisubiri, macho amefumba, mikono ameikaza magotini kama nilivyokaa mimi asubuhi ile Iyunga. Pua kavu. Macho kimya. Kifua kikaingiza hewa na kuitoa bila mluzi, na nikaendelea kukaa pale na shavu langu juu ya kichwa chake, kwa mara ya kwanza tangu harusi, bila haraka.

Halafu chafya ikaja, kubwa, mpaka kigoda kikahama. Ilikuwa yake. Akapiga na ya pili.

"Ni baridi tu," akasema, akipapasa kichwa.

Nikaenda kumtafutia kofia.