Indiketa za Gari la Bi Harusi

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi pale Mang'ula, mwanangu, nimelala chali chini ya usukani wa gari la bi harusi, suti mpya mwilini, na indiketa hazitaki kuwaka. Si ya kushoto, si ya kulia.

Nilikuwa kijana, fundi wa miezi michache, na ujuaji wangu ulizidi sanduku langu la spana. Gari hilo, nililokuwa naliendesha mimi, ndilo lilikuwa liongoze msafara hadi kanisani Ifakara. Baba wa bi harusi, mzee wa maneno machache, alishasema lake: "Wageni wametoka mbali, njia hawaijui. Watafuata taa zako. Bila indiketa, binti yangu hapandi." Na padre alishatuonya kwamba ikigonga saa nne anaondoka, ana Misa nyingine Michenga. Tukichelewa, hakuna harusi siku hiyo.

Basi nikabadilisha balbu. Nikachomoa fyuzi, nzima. Nikachomoa flasha, kale kadude kanakolia tiki-tiki, nikaazima nyingine kwenye gari la mjomba wa bi harusi; kimya. Nikafungua mfuniko wa usukani, skrubu zikatawanyika kwenye maua ya mapambo. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Dakika moja tu." Usoni natabasamu, moyoni nalia.

Ndipo akaja Bibi Otilia, bibi yake bi harusi, mkulima wa mpunga ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jana taa ziliwaka?"

"Ziliwaka."

"Tangu hapo nani kagusa nini?"

Nikataka kumweleza kwamba mambo ya umeme hayaendi hivyo. Hakunipa nafasi. "Mjukuu wangu, maji yasipofika jarubani hatufukui mfereji mzima. Tunauliza nani wa mwisho kugusa lango."

Nikakumbuka! Jana yake, tukimrudisha bi harusi kutoka kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga kwao, tulipita mitaani tumewasha hazadi, taa zote nne zinakonyeza kwa shangwe. Tulipofika, kile kitufe nilikizima kwa kiwiko huku nacheza. Kukitazama, kimekwama katikati, hakijaingia wala hakijatoka, na kikikaa hivyo hukata umeme wa indiketa zote. Nikakibonyeza mara tatu, mara nne. Tiki-tiki, tiki-tiki!

Vigelegele vya pale, mwanangu, hata kanisani havikupigwa vile. Bibi akacheza mbele ya gari: ikiwaka ya kushoto anakwenda kushoto, ikiwaka ya kulia anarudi kulia. Kisha akaniinamia dirishani. "Ungesema mapema. Mficha uchi hazai."

Tulimkuta padre mguu mmoja umeshaingia kwenye gari lake. Akautoa, akicheka.

Basi nawe, kitu kikikugomea, liwe gari, liwe shamba au ndoa yako, usikimbilie kufungua kila skrubu. Jiulize kwanza kilifanya kazi lini, na tangu hapo wewe mwenyewe umegusa nini. Ukikwama, sema mapema, hata kwa asiyeijua kazi yako. Penye wazee haliharibiki neno.

Mungu akunyooshee njia, mwanangu. Kila unapokata kona, walio nyuma yako wakuone na wafike salama. Na siku ya harusi yako akinijalia uhai, gari nitaendesha mimi. Kitufe nitakikagua tangu jana yake.