Nilichomficha Bosi Kuhusu Mwanga

Nilianza kupiga picha za wadudu kwa sababu mkulima akikuelezea mdudu kwa maneno, wadudu wote hufanana. "Ni kadudu keusi, kadogo, kanakula majani." Nilikuwa afisa wa kilimo wa mashinani, ofisi yetu ikiwa Embu, na kazi yangu ilikuwa kumwambia mkulima huyo apulizie dawa gani. Mara mbili nilikosea. Kosa la pili lilimharibia mama mmoja wa Kiritiri shamba zima la ndengu. Nikaenda nikanunua kamera ya mtumba, pamoja na lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu.

Shida ikawa mwanga. Jua la Kiritiri halina huruma: mgongo wa mbawakawa unatoka mweupe kama chokaa, tumbo jeusi tititi. Nikimkinga kwa mwavuli, mwanga unapungua, na upepo ukitikisa ua la ndengu kidogo tu picha inatoka na ukungu. Nikaongeza flashi. Hiyo ilishinda upepo, lakini ikaacha doa linalong'aa mgongoni mwa mdudu, na kivuli cha lenzi kikafunika nusu ya chini ya picha. Nilijaribu leso. Nilijaribu karatasi ya manila na kioo cha kunyolea cha mume wangu. Mwishowe nilikata mtungi mweupe wa maziwa, nikaufunga kwa raba mbele ya lenzi ili mwanga wa flashi upitie kwenye plastiki yake.

Hata hapo doa halikutoka upesi. Ilinichukua msimu mzima kugundua kwamba siri haiko kwenye mtungi peke yake, iko kwenye umbali. Mtungi ukiwa mbali na mdudu, kwake ni taa ndogo tu, na taa ndogo huchoma. Ukiusogeza mpaka unakaribia kumgusa, mwanga unamzunguka kama anga ya mawingu, na unaweza kuhesabu vinyweleo vya miguu yake.

Bosi wangu alikuwa mtu wa suti ya kahawia na sauti ya mhubiri. Aliniomba picha zangu "za ripoti," nikampa zote. Mwaka uliofuata ofisi ilichapisha kalenda ya wakulima. Niliiona mara ya kwanza ukutani katika duka la dawa za mifugo. Kila mwezi ulikuwa na mdudu wangu, na chini ya kila mdudu palikuwa na jina la Bosi.

Nilimfuata ofisini kwake.

"Bosi, zile picha nilipiga mimi."

"Madam, picha ni za ofisi."

"Kamera ni yangu."

"Na wadudu je? Ni wako pia?" Alicheka, akarudi kwenye makaratasi yake. "Usiwe mtu wa vitu vidogo."

Nilitoka. Kanisani tulifundishwa kwamba kisasi si chetu, na nilikuwa nikiimba kwaya. Lakini kuanzia siku hiyo nilimngoja yule mtu jinsi buibui anavyongoja, na sioni haya kulisema.

Kalenda ilimpa sifa. Akaalikwa kufundisha maafisa wa Meru na Embu namna ya kupiga picha za wadudu shambani. Mafunzo yangefanyika Kibugu, kwenye shamba la chai la cucu mmoja, bibi mzee aliyetuzoea. Bosi aliniita. "Unilete ile kamera na flashi. Nitajisimamia mwenyewe."

Nilimletea kamera na flashi, kama alivyosema. Mtungi ulibaki ndani ya kikapu changu, chini ya chupa ya chai. Mimi ndiye niliyemchagulia mdudu pia: fukusi mweusi anayeng'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, juu ya jani la chai linalong'aa vilevile. Hakuna mdudu mgumu kuliko huyo kwa flashi tupu.

Maafisa walimzunguka. Akapiga. Akaangalia kioo cha kamera, akapiga tena. Kisha tulikwenda kwenye kibanda cha kununulia chai, picha zikafunguliwa kwenye kompyuta. Fukusi alikuwa doa jeupe lenye miguu, na kivuli cha lenzi kimemeza jani. Picha ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tano pia.

Afisa mmoja wa Meru, binti mwenye adabu, aliuliza, "Bosi, kwa ile kalenda ulitumia mwanga gani?"

"Wa jua."

"Lakini leo pia kuna jua."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke. Bosi alinigeukia. "Madam, umefanya nini na hii mashine?"

"Iko vile uliniagiza, Bosi. Kamera na flashi."

Nilimwacha hivyo hivyo mpaka cucu mwenye shamba akauliza kwa Kiembu kama wageni wanangoja chai. Ndipo nikatoa mtungi, nikaufunga, nikarudi kwa fukusi yule yule na kupiga mara moja. Picha ilipofunguka kwenye kompyuta, mtu nyuma yangu alivuta pumzi. Binti wa Meru alinitazama, akamtazama Bosi, kisha akafunga daftari lake. Alikuwa ameelewa, na wenzake pia.

Nilidhani hapo moyo utatulia. Wiki iliyofuata Bosi alikuja mezani kwangu, bila koti, akakaa kwenye kiti cha wakulima. "Nifundishe," akasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali."

Mtu mwema angemfundisha. Nilimkatia mtungi mpya kwa mkono wangu. Nilimweleza plastiki, raba, flashi, namna ya kushika pumzi. Nilimweleza kila kitu isipokuwa umbali. Mtungi wenyewe niliufunga karibu na flashi, mbali na mdudu, akashukuru mara mbili.

Alistaafu akiwa bado anapiga madoa. Kalenda iliyofuata ilitoka bila jina la mtu yeyote, la kwake wala langu. Mimi niliendelea kufundisha maafisa wengine, na umbali huwa ndio somo langu la kwanza.

Mwaka jana nilikutana naye mtaani Majimbo, ameshika kamera yake mwenyewe, mpya. Anapenda vipepeo siku hizi. Alilalamika kwamba mwanga bado unamsumbua.

"Jaribu asubuhi na mapema," nikamwambia.

Nilipomsimulia mume wangu, aliacha kula. "Huyo ni mzee sasa. Mwambie tu."

Nikamjibu kwamba nitamwambia. Nilikuwa najua nadanganya, na nikamwongezea mboga.