Jumapili za Mjomba na Wauaji wa Vitabuni

Juzi binti yangu alikitupa kitabu kitandani akalalamika, "Mama, hii stori inachanganya! Watu ni wengi, sijui nani ameua nani." Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka, maana maneno hayo niliyasikia zamani, kwenye baraza la shosho wangu, bibi mzaa mama, mtaani Shauri Moyo.

Wewe uliyekulia mitaa ile unazijua Jumapili zake. Watu wametoka kanisani, redio zinashindana madirishani, na githeri ya jirani, mahindi na maharagwe, inakaangwa kwa vitunguu mpaka unaimeza kwa pua. Shosho alinipa sinia la mchele nichague mawe. Ndipo mjomba, kitinda mimba wake, alipotoka na kitabu alichonunua kwenye marundo ya mitumba sokoni Gikomba, jaladani bastola na tone la damu, akaanza kutusomea. Vitabu vyake vilikuwa vya Kiingereza, lakini yeye alivigeuza papo hapo kuwa Kiswahili chetu, hata majambazi wa ng'ambo wakawa wanasalimiana "niaje".

Jirani wa mlango wa pili, mchongaji vinyago kutoka Ukambani, alikuja na twiga wake wa mti na msasa. Stori ikipinda, mkono wake ulisimama.

"Hebu ngoja. Huyu wa koti jeusi si tulimzika?"

"Huyo alikuwa pacha wake," mjomba alimjibu.

"Pacha ametoka wapi tena?"

Mchongaji alikasirika, akageuza kiti atupe mgongo, na bado hakuondoka. Shosho yeye alimshuku kila mtu mpole, na mara nyingi alipatia. Mama muuza mandazi ndiye aliyetuchekesha zaidi, kwa sababu alimlilia marehemu. "Nyinyi mnatafuta muuaji tu," alisema akijifuta kwa leso. "Huyu maiti hana mama? Nani amempelekea habari?"

Nilipokuwa darasa la saba, mjomba aliondoka asubuhi kwenda kazini, akiwa ametuacha katikati ya kitabu. Hakurudi. Tulimpata mochari, amedungwa kisu. Kituoni afisa alimwambia shosho, "Nenda nyumbani, mama, tunafuatilia." Shosho alirudi tena na tena, mpaka wakaacha hata kumwonyesha benchi.

Jumapili iliyofuata mazishi, watu walewale walikaa barazani. Hakuna aliyepika. Mchongaji alikohoa, akasema, "Basi tufikirie. Nani alimwona mwisho?"

Mama mandazi akajibu haraka, kama alivyozoea. "Mimi nilimwona na vijana wa..." Akatupa jicho kando. Pale kwenye kona ya nyumba vijana watatu walikuwa wamesimama, wanatutazama. Tuliwajua wote. Mmoja wao alikuwa amesaidia kubeba jeneza la mjomba siku ya mazishi.

"Vijana wa wapi?" shosho aliuliza.

"Sikuona vizuri, mama. Jua lilinipiga machoni."

"Sema tu, mwanangu."

"Sikuona."

Mchongaji aliinama kutazama viatu vyake. Watu hawa waliokuwa wakigombana kutwa nzima juu ya pacha wa ng'ambo, sasa hakuna aliyekuwa na swali. Wakaaga mmoja mmoja. Jumapili nyingine baraza lilikuwa tupu, na baada ya muda mchongaji akahamia mtaa wa mbali, Lucky Summer, bila kwaheri.

Sikuwalaumu, hata leo siwalaumu. Walikuwa na watoto. Lakini shosho aliishi miaka mingi akimkazia macho kila kijana aliyemwamkia kwa heshima, na alikufa hajaambiwa kitu. Kitabu kile hatukukimaliza, wala sikumbuki kilikwenda wapi.

Nyumba yenyewe ilibomolewa, pamesimama ghorofa, na huko juu sijui wanasomeana nini. Waliomuua mjomba, kama wako hai, ni watu wa makamo kama mimi. Huenda tunapishana sokoni. Mtu ananikanyaga kwenye msongamano, ananiambia, "Pole, mama," nami namjibu, "Haidhuru."